Karatasi Inaposema Kondoo Ana Kingamwili

Jirani yangu wa Chanika, Dar es Salaam, anayefuga kondoo wasiozidi 20 nyuma ya nyumba yake na kuwalisha kwenye viwanja ambavyo wenyewe bado hawajajenga, alinijia na karatasi ya maabara mwishoni mwa masika. Kondoo wake mmoja jike, aliyemnunua mnadani Pugu, alikuwa amechukuliwa damu, na majibu yalisema kwamba ana kingamwili dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Wiki tatu baadaye kondoo huyohuyo alikuwa amelala chini ya mwembe, sehemu ya ndani ya kope imepauka kabisa, na chini ya taya ananing'iniza uvimbe laini uliojaa maji. "Sasa ndugu yangu," akaniuliza, "si wameandika ana kinga? Ni kinga gani hii inayomwacha aishe na minyoo?"

Jibu fupi ni kwamba kingamwili za sotoka haziwahusu minyoo hata kidogo, kwa sababu kila kingamwili hutengenezwa kwa ajili ya umbo moja mahususi, na kirusi cha sotoka hakifanani na mnyoo kwa lolote. Jibu hilo lilimtosha jirani yangu kwa dakika kama mbili. Kisha akauliza lililo gumu zaidi: kama ni hivyo, kwa nini maabara isipime kingamwili za minyoo zenyewe, tukajua nani ana kinga na nani hana, dawa akapewa yule asiye nayo tu? Hapo ndipo mambo yanapochanganyika, maana kwa baadhi ya vimelea kipimo hicho kingetueleza karibu kila kitu, kwa vingine kingetueleza nusu ya habari, na kwa vingine kingetupoteza njia kabisa.

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na umbo lake ni kama panda ya manati. Ncha mbili za panda ndizo zinazomshika adui, na kile kinachoshikwa huitwa antijeni. Mpini wa chini ndio unaoita msaada, ama wa seli nyingine ama wa protini za damu zenye uwezo wa kutoboa na kuyeyusha. Kondoo anazo za aina kadhaa. IgM hutangulia maambukizi yanapoanza. IgG hufuata na kujaa kwenye damu. IgA humwagika kwenye ute wa utumbo, puani na kwenye mate. Na IgE, ambayo ni chache mno kwenye damu, hujibandika kwenye seli za masti zilizotanda kwenye kuta za utumbo, zikiwa zimejaa kemikali zinazongoja kumwagwa. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kondoo ana kingamwili bila kutaja ni ya aina gani, dhidi ya nini na iko wapi mwilini, amesema kidogo sana.

Kipimo chenyewe, kinachojulikana kwa jina la ELISA, kinafaa kutazamwa kwa karibu ili ieleweke kinauliza swali gani. Mtaalamu huchukua kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kimoja kikitosha kuingia punje moja ya kunde, akagandisha antijeni kwenye sakafu ya kila kishimo. Humo hutia maji ya damu ya kondoo yaliyozimuliwa, akangoja, kisha akaosha. Kama damu ile ilikuwa na kingamwili inayoishika antijeni hiyo, itabaki imeng'ang'ania. Kama haikuwa nayo, yote yataondoka na maji. Halafu huongeza kingamwili ya pili, iliyotengenezwa kushika kingamwili za kondoo na kubebeshwa kimeng'enya, akaosha tena, akatia kimiminika kisicho na rangi ambacho kimeng'enya hukigeuza kuwa cha buluu, na tone la asidi likakigeuza kuwa cha njano. Mashine husoma njano hiyo na kutoa namba. (Zipo namna nyingine za kipimo hiki, zikiwamo zinazotumika sana kwa sotoka, ambazo ndani yake rangi hupungua badala ya kuongezeka, lakini mantiki ni ileile.) Namba hiyo inatueleza kwamba kuna kitu kimenata. Haisemi kama kilichonata kimewahi kumdhuru adui yeyote.

Tumtazame sasa mnyoo aliyemlaza kondoo wa jirani yangu. Haemonchus contortus anaishi kwenye tumbo la nne la kondoo na mbuzi, lile tumbo halisi lenye asidi, na jike lake, lenye urefu wa milimita 20 hadi 30, linaonekana kwa macho kama nyuzi mbili zilizosokotwa, nyekundu na nyeupe: nyekundu ni utumbo wake uliojaa damu ya kondoo, nyeupe ni mifuko yake ya mayai inayouzunguka utumbo huo. Jike moja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na katika joto na unyevu kama wa Dar es Salaam wakati wa masika huhitaji takribani wiki moja tu kufikia hatua ya lava, yaani mnyoo mchanga, anayepanda kwenye jani la nyasi akingoja kuliwa. Wiki tatu baada ya kumezwa, lava huyo amekuwa mnyoo kamili naye ameanza kutaga. Kila mnyoo humgharimu kondoo damu ipatayo mililita 0.05 kwa siku, kiasi ambacho si kitu, hadi mtu apige hesabu ya minyoo 1,000: hapo ni mililita 50 kila siku, yaani karibu kikombe kimoja kidogo kama kile cha wauza kahawa wa Kariakoo, kutoka kwa mnyama wa kilo 30 ambaye mwili wake wote una damu ya lita 2 hivi. Ule uvimbe wa chini ya taya ni matokeo ya protini za damu kupungua mno hadi maji yakashindwa kubaki ndani ya mishipa.

Mwili wa kondoo haukai kimya mbele ya wizi huu. Hutengeneza IgG, IgA na IgE dhidi ya vitu ambavyo mnyoo huvitema na dhidi ya vile vilivyo kwenye ngozi yake. Tatizo ni kwamba mnyoo si bakteria. Hakuna seli ya damu inayoweza kumzingira kiumbe wa sentimita 3 ikammeza. Ngozi yake ni ngumu na huibadilisha kila anapokua. Tena hayuko ndani ya nyama, bali ndani ya shimo la tumbo, mahali ambapo kingamwili za damu hazifiki kwa urahisi. Kinga inayopatikana kwa kuugua, kwa hiyo, hujengwa polepole, kwa miezi, na kwa kumeza lava mara kwa mara. Ikishajengwa, kazi yake mara nyingi si kuua: humzuia lava asitie nanga, humdumaza mnyoo, na hulipunguzia jike mayai. Huko Scotland, ambako mnyoo msumbufu wa kondoo ni ndugu yake mpenda baridi aitwaye Teladorsagia circumcincta, watafiti wamekuta kwamba kondoo wenye IgA nyingi dhidi ya lava wa hatua ya nne huwa na minyoo mifupi, na mnyoo mfupi hutaga machache; ilhali idadi ya minyoo inayofanikiwa kukaa inaonekana kuhusiana zaidi na IgE na zile seli za masti. Kazi mbili, kingamwili mbili. New Zealand wamekwenda hatua moja mbele: hupima IgA dhidi ya lava kwenye mate ya kondoo, na wafugaji huchagua madume ya mbegu kwa kuangalia majibu hayo pamoja na mengine.

Hata hivyo IgG ya kwenye damu, ambayo ndiyo rahisi kupima, ina ndimi mbili. Hupanda kwa kondoo anayewashinda minyoo, nayo hupanda kwa kondoo aliyelemewa nao, kwa sababu wote wawili wamekutana na antijeni kwa wingi. Ndiyo maana Red Maasai, kondoo wetu wa Afrika Mashariki anayesifika kwa kumstahimili Haemonchus kuliko Dorper, kondoo wa nyama aliyetokea Afrika Kusini, alipata sifa hiyo kwa kuhesabiwa mayai kwenye kinyesi na kupimwa wingi wa chembe nyekundu za damu, vipimo vinavyoonyesha nani anaibiwa na nani haibiwi. Baadhi ya kazi hiyo ilifanyika Diani, pwani ya Kenya, katika joto na unyevu ambao mtu wa Kigamboni angeutambua mara moja.

Kinachonivutia kuliko yote katika habari hii ni chanjo iliyoamua kuiacha kinga ya asili kando badala ya kuiiga. Watafiti wa Moredun, taasisi iliyo karibu na Edinburgh, walijiuliza hivi: ikiwa mnyoo anakunywa damu, na damu ina kingamwili, kwa nini tusimnyweshe kingamwili zinazoushambulia utumbo wake mwenyewe? Protini zilizotanda ukuta wa ndani wa utumbo wa mnyoo hazitoki nje kamwe, hivyo mwili wa kondoo hauzioni hata akiwa amebeba minyoo elfu kumi, na mnyoo hajawahi kupata sababu ya kujifunza kuzificha. Huitwa antijeni zilizofichika. Mbili kati yake, H11 na H-gal-GP, ni vimeng'enya au mikusanyiko ya vimeng'enya vinavyosaidia kumeng'enya mlo wa damu. Zikichunwa kutoka kwa minyoo na kudungwa kondoo pamoja na kichochezi cha kinga kiitwacho saponini, kondoo hujaza damu yake kingamwili dhidi yake. Mnyoo huinywa damu hiyo kama kawaida, kingamwili zikagandamana na ukuta wa utumbo wake, umeng'enyaji ukaharibika, na mnyoo akawa na njaa huku amezama kwenye chakula. Majike hupunguza kutaga kwanza, kisha minyoo mingi hutoka.

Chanjo hiyo iliingia sokoni Australia mwaka 2014 kwa jina la Barbervax, na baadaye Afrika Kusini kwa jina la Wirevax. Dozi moja ina mikrogramu 5 tu za protini. Hapa, tofauti na kwenye kinga ya kuugua, namba ya ELISA ina maana ya moja kwa moja: kadiri IgG dhidi ya antijeni hizo inavyokuwa nyingi kwenye damu, ndivyo mayai yanavyopungua kwenye kinyesi, kwa sababu kingamwili yenyewe ndiyo silaha na mdomo wa mnyoo ndio unaoibeba hadi mahali pake. Udhaifu wake unatoka palepale unapotoka uwezo wake. Kwa kuwa antijeni imefichika, kondoo akimeza lava wapya machungani hakumbushwi chochote. Kingamwili hushuka, na inabidi adungwe tena. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu za kuanzia, kisha marudio kila baada ya wiki 6 hivi katika msimu wa hatari. Mfugaji mwenye kondoo 15 na jokofu la kugawana na samaki wa nyumbani ataelewa mara moja ugumu uko wapi.

Ugumu wa pili uko kiwandani. Protini hizo bado huchunwa kwa minyoo halisi, waliokuzwa ndani ya kondoo halisi na kuvunwa wakati wa kuchinja. Jitihada za kuzitengeneza ndani ya bakteria au hamira, kama zitengenezwavyo chanjo nyingi za kisasa, zimetoa protini ambazo kondoo huziundia kingamwili nyingi tu, kipimo kikatoa njano nzito ya kupendeza, na minyoo ikaendelea kunywa bila wasiwasi. Inaelekea tofauti iko kwenye mkunjo wa protini na kwenye sukari ambazo mnyoo huzipachika juu yake na ambazo bakteria hajui kuzipachika. Sioni mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha jirani yangu kwamba kingamwili inaweza kuwapo, ikawa nyingi, ikashika kabisa, na isifae kitu.

Tegu ni hadithi nyingine, na ni hadithi rahisi zaidi. Echinococcus granulosus anaishi kwa mbwa; mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, kondoo huyala na majani, na kutoka katika kila yai hutoka kiluwiluwi mwenye kulabu sita anayetoboa utumbo na kusafiri hadi ini au mapafu, ambako hujijengea kifuko cha maji. Wakaguzi wa nyama machinjioni wanavijua vifuko hivyo, na binadamu naye huvipata kwa njia ileile, hasa kwenye jamii za wafugaji kama za Ngorongoro na Turkana. Kiluwiluwi huyo, tofauti na mnyoo wa tumboni, ni mdogo sana, hana ngozi ngumu, na anapita ndani ya nyama na damu. Kingamwili zikimkuta katika siku zake za kwanza na kuziita protini za damu ziyeyushazo, amekwisha. Mwaka 1989 chanjo dhidi ya ndugu yake, Taenia ovis, iliyotumia protini moja iliyotengenezwa ndani ya bakteria, ilitangazwa kuwa imewakinga kondoo kwa asilimia 94, na ikawa ya kwanza ya aina hiyo kufanikiwa dhidi ya kimelea. Mwaka 1996 ikafuata EG95, dhidi ya Echinococcus mwenyewe, yenye kinga ya zaidi ya asilimia 95 kwenye majaribio, ambayo sasa hutumika China na Argentina.

Lakini angalia wakati. Kondoo ambaye tayari ana vifuko kwenye ini naye ana kingamwili, tena wakati mwingine nyingi, na vifuko vinaendelea kukua miaka yote, kwa kuwa ukuta wa kifuko huzizuia zisifike ndani. Kondoo wawili, mmoja aliyechanjwa na mmoja mgonjwa, wanaweza wote kuandikiwa kwamba wana kingamwili dhidi ya Echinococcus, na tofauti iko kwenye antijeni gani imegandishwa kwenye kishimo: ile ya kiluwiluwi au ile ya maji ya kifuko.

Kwa Toxoplasma gondii, kimelea cha chembe moja kinachotoka kwa paka na kuwaharibia kondoo mimba, nitasema kwa ufupi. Hicho hujificha ndani ya seli, ambamo kingamwili haiingii, na kazi kubwa ya ulinzi hufanywa na seli nyeupe zenyewe. Chanjo hai iitwayo Toxovax hulinda mimba vizuri, na kingamwili huonekana baada yake, lakini zaidi kama shahidi kuliko kama askari.

Yote haya yanamhusu kondoo mkubwa aliyeshiba. Mwanakondoo huzaliwa na damu isiyo na kingamwili, kwa sababu kondo la nyuma la kondoo haliziruhusu kupita kama lipitishavyo la binadamu. Kila anachoanza nacho anakipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na utumbo wake hufunga mlango wa kuzipokea ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo anayekamua dang'a siku ya kwanza kwa kuogopa kwamba itamharisha mtoto anamnyang'anya kinga yake yote. Kingamwili za mama zina upande wa pili pia: zikiwa bado nyingi kwenye damu ya mtoto huweza kuizima chanjo, ndiyo maana ya sotoka husubiri hadi mwanakondoo afikishe miezi 3 au 4. Dhidi ya minyoo, mwili wa mwanakondoo hujifunza kwa shida hadi umri wa miezi 6 au zaidi; miaka ya 1960 chanjo ya lava wa Haemonchus waliodhoofishwa kwa mionzi iliwakinga kondoo wakubwa vizuri na ikashindwa kwa wadogo, ambao ndio hasa walioihitaji.

Na hata jike mkubwa mwenye kinga hulegea siku za kuzaa na kunyonyesha. Kingamwili ni protini, maziwa nayo ni protini, na chakula kikiwa pumba tupu mwili huchagua maziwa. Mayai ya minyoo kwenye kinyesi hupanda wakati uleule wanakondoo wanapoanza kuonja nyasi. Majaribio ya kuwaongezea majike protini yamepunguza kulegea huko, na kwa mazingira yetu hiyo ina maana ya mashudu ya alizeti au ya pamba, yanayopatikana duka lolote la vyakula vya mifugo. Mnyama aliyedhoofishwa na minyoo huweza pia kuitikia kwa unyonge chanjo za magonjwa mengine, kwa hiyo si vibaya kuwatibu minyoo majuma machache kabla ya siku ya chanjo.

Jike la jirani yangu halikupimwa kingamwili zozote za ziada. Lilihesabiwa mayai kwenye kinyesi, likapewa dawa ya minyoo iitwayo levamisoli, likafungiwa bandani na kulishwa majani makavu na mashudu, na baada ya wiki mbili kinyesi kikapimwa tena ili kujua kama dawa bado inawaua minyoo wa pale au wamekuwa sugu. Mwenyewe sasa amezoea kuwafunua kondoo wote kope kila Jumamosi na kulinganisha na kadi ya FAMACHA ya rangi tano, iliyobuniwa Afrika Kusini, akimtibu aliyepauka tu na kuwaacha wengine. Ile karatasi ya kwanza ameitunza kabatini. Kuhusu sotoka ilikuwa inasema kweli, kwani kinga ya Nigeria 75/1, chanjo ya sotoka, hudumu miaka isiyopungua 3. Lakini kama jike lile lilichanjwa kabla ya kufika Pugu, au liliugua huko lilikotoka likapona lenyewe, hilo karatasi haiwezi kusema, kwa sababu kingamwili za namna zote mbili kipimo kile huzisoma sawasawa.